Asilimia 98 ya Nini?

UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, kifaa kilichozoeleka vyumba vya upasuaji kilihamia majumbani: kile kibanio cha kidoleni kinachotoa namba. Watu wakajua kwamba 98 ni nzuri na 85 ni ya kukimbilia hospitali. Ni kweli, lakini wachache walielezwa ni asilimia ya nini.

Oksijeni haiyeyuki vizuri kwenye damu. Lita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya hubeba takriban mililita 200 za oksijeni, na iliyoyeyuka tu haizidi mililita 3 hivi. Iliyobaki yote imeshikwa na himoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Ichukulie himoglobini kuwa daladala ya siti nne, kila siti molekuli moja ya oksijeni. Kipimo cha kidoleni hutazama siti zilizojaa. Daladala zenyewe hakizihesabu.

Sasa wapo wagonjwa wawili wodini. Wa kwanza ana nimonia ya virusi. Himoglobini yake ni gramu 14 kwa desilita, kipimo kinasoma 85. Wa pili ametoka kwenye malaria kali iliyommaliza damu. Himoglobini ni 7, kipimo kinasoma 98. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba kama mililita 1.34. Piga hesabu: wa kwanza ana karibu mililita 160 za oksijeni katika kila lita ya damu, wa pili 92. Wa kwanza hayuko salama hata kidogo, maana mapafu yake yanazidi kulemewa. Ila huyu wa pili mwenye namba ya kupendeza, naye akipatwa na nimonia hiyohiyo, hana akiba ya kutumia.

Kwenye mitandao mwaka huo wa 2020 lilienea dai kwamba virusi vya korona vinang'oa chuma kwenye himoglobini. Halikuthibitika. Shida kubwa iko mapafuni, kama ilivyo kwa mafua makali. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko hata chembe nyekundu inayopita kando yake. Mapafu yakivimba kwa ugonjwa, mishipa midogo huvuja, na vifuko vya hewa hujaa majimaji au husinyaa. Damu ikipita hapo hurudi moyoni kama ilivyokuja.

Basi vile vifuko vizima si vifanye kazi ya ziada? Haviwezi. Damu inayopita kwao imeshajaa oksijeni, na siti zikijaa zimejaa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwekewa oksijeni nyingi na namba ikapanda kidogo tu, na ndiyo maana madaktari humlaza kifudifudi ili sehemu za nyuma za mapafu, zenye damu nyingi, zifunguke.

Kwa kabonidayoksaidi mambo ni tofauti: mgonjwa akipumua haraka, vifuko vizima huitoa hata ile ambayo vibovu vimeshindwa kuitoa. Na gesi hiyo ikizidi mwilini ndiyo hasa humfanya mtu ahisi kukosa pumzi; isipozidi, hashtuki. Hapo ndipo walipotokea wagonjwa wa UVIKO-19 waliowashangaza wauguzi, wakiongea kwa simu kitandani huku kipimo kikisoma 75.

Namba yenyewe nayo haishuki kwa mwendo mmoja. Shinikizo la oksijeni kwenye damu likipungua kutoka milimita 100 za zebaki hadi 60, ujazo wa siti hushuka polepole tu, mpaka karibu asilimia 90. Chini ya hapo ni poromoko. Shirika la Afya Duniani huhesabu UVIKO-19 kuwa mkali kwa mtu mzima anayesoma chini ya 90 bila kuongezewa oksijeni.

Halafu kuna suala la ngozi. Kifaa hupitisha mwanga kidoleni, na weusi wa ngozi huupotosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulitazama wagonjwa waliosoma kati ya 92 na 96: kwa Weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vilificha ujazo halisi ulio chini ya 88. Kwa Wazungu, 3.6. Kwa hiyo mtu aliyekuwa 97 asubuhi akasoma 93 jioni, mimi nisingemwambia asubiri kesho. Kipimo cha uhakika huchukuliwa kwa damu ya ateri ya kifundo cha mkono, sindano inayouma kuliko ya kawaida, na mashine yake si kila hospitali ya wilaya inayo.