Je, Wajua? Nyangumi Nundu Wamerudi

Je, wajua kwamba kuanzia Julai hadi Septemba, kusi ikivuma, nyangumi nundu hupita Watamu na Kizimkazi? Hutoka bahari baridi za Antaktika, wanakokula krili, viumbe wadogo wa jamii ya kamba, wakaja kwenye maji yetu ya joto kupandana na kuzaa.

Kwamba mama anayenyonyesha huku kwetu hali karibu chochote? Ndama huzaliwa ana urefu wa mita 4 hivi na hunyonya maziwa mazito yenye mafuta tele. Mama huishi kwa shahamu aliyojiwekea kusini.

Kwamba wanyama hawa nusura waishe? Mwaka 1904 Mnorwe Carl Anton Larsen alifungua kituo cha kuwinda nyangumi cha Grytviken, kisiwani South Georgia. Nundu ndio waliotangulia kuuawa, kwa kuwa huogelea polepole na hupenda kukaa karibu na pwani. Vyusa vya baruti viliua zaidi ya 200,000 kusini mwa dunia katika karne ya 20. Mafuta yao yakatengenezwa sabuni na majarini.

Kwamba kuwawinda kusini kulipigwa marufuku mwaka 1963, lakini meli za Muungano wa Kisovieti ziliua kwa siri kabla na hata baada ya hapo? Moscow iliripoti nundu 2,710. Idadi halisi ilizidi 48,000. Mwanabiolojia Mrusi Alexey Yablokov aliifichua siri hiyo mwaka 1993. Hili ndilo linaloniuma zaidi: wataalamu walikaa vikaoni wakipanga viwango vya uwindaji, huku wakihesabu nyangumi waliokwisha kufa.

Kwamba pwani ya Brazili, walikobaki 450 hivi katikati ya karne iliyopita, utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria wamefika 25,000? Mashariki mwa Australia nako waliongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mwaka. Kwa mnyama anayebeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa ndama mmoja tu, hiyo ni kasi ya ajabu.

Kwamba hutambuliwa kwa mkia? Nyangumi akizama, huuinua mkia juu ya maji, na upande wa chini huonekana mabaka meusi na meupe. Hakuna wawili wanaofanana. Watafiti hupiga picha, kisha huzilinganisha mwaka hadi mwaka.

Na je, wajua kwamba nundu wa Oman hawajapona? Hawa hawahami kwenda kusini; hukaa Bahari ya Arabu mwaka mzima. Mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 200 katika bahari hiyo. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 100, na hatari zao ni nyavu za uvuvi na meli za mizigo. Jike huzaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, hivyo akinasa jarifeni akafa, kundi hilo dogo huchukua miaka mingi kuliziba pengo lake.