Utungaji wa Programu na Huduma za Wingu: Maelezo kwa Vijana na Wazee

Wizara inapenda kuwafafanulia vijana wanaojifunza utungaji wa programu za kompyuta, pamoja na wazee wao wanaogharamia masomo hayo, maana ya kile kiitwacho "huduma za wingu" na namna ujuzi wake unavyopatikana. Ifahamike kwamba maelezo haya si tangazo la nafasi za kazi.

Wingu hilo haliko angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, ambazo wenyewe huzikodisha kwa saa au hata kwa sekunde. Kampuni ya Amazon ilianza kuzikodisha mwaka 2006, na mwaka 2020 ikafungua kituo Cape Town; Microsoft ilikwishatangulia Afrika Kusini mwaka 2019. Wakaazi wa Unguja, ambao hawajasahau kukosa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, wataiona faida yake mara moja. Hesabu iliyomo katika kompyuta moja ya ofisini hulala gizani pamoja na ofisi yenyewe. Iliyohifadhiwa mbali husomeka hata kwa simu.

Hata hivyo, intaneti nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Kwa hivyo mtungaji wa huku kwetu hana budi kuiandika programu yake ihifadhi kumbukumbu kwanza katika simu ya mtumiaji, kisha izipeleke mtandao urejeapo. Mafunzo yanayotungwa katika nchi zenye mtandao wa uhakika aghalabu hayalitilii mkazo jambo hili.

Chuoni, mtoto hahesabiwi kuwa amesoma kwa kuwasikiliza wenzake. Huanza na hijai, akasoma kwa kinywa chake mbele ya mwalimu. Programu nazo ni hivyo. Kijana na ashike lugha moja, mathalan Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na isiyolipiwa. Kisha atunge kitu kidogo chenye mtumiaji wa kweli, kama vile daftari la kikundi cha wakulima wa mwani, lionyeshalo nani kaleta kilo ngapi na anadai kiasi gani. Kila badiliko alihifadhi kwa Git, aipandishe kazi yake katika kompyuta ya kukodi, na aitunze kwa miezi kadhaa. Katika utunzaji huo atajifunza yasiyomo katika cheti, likiwemo hili: nakala ya akiba ambayo haijajaribiwa kurejeshwa haijulikani kama inafaa.

Limebaki suala la fedha. Nafasi za kujaribu bila malipo zipo, ila kampuni aghalabu hudai kadi ya benki. Funguo za siri zisiandikwe kamwe ndani ya programu inayowekwa hadharani, kwani wapo wanaozisaka usiku na mchana ili wakodi kompyuta kwa gharama ya mwenye kadi. Mzee anayetoa kadi yake ahakikishe kijana ameweka onyo la matumizi, akijua kwamba onyo huarifu tu, halizuii deni. Vile vile, kuizima kompyuta ya kukodi si kuifuta: diski yake huweza kuendelea kutozwa fedha mpaka nayo ifutwe.