Kabla ya Kuniita Fundi

Mtu akinipigia simu kwamba friji yake haigandishi tena, swali langu la kwanza ni hili: mara ya mwisho umeisogeza kutoka ukutani lini? Wengi hunyamaza kidogo, kisha hujibu, "Tangu ilipoingia ndani, fundi." Hapo huwa nimeshajua nitakachokikuta nikifika Kikwajuni au Mwembetanga: friji nzima, gesi yake imo, kompresa yake inazunguka, ila mgongo wote umejaa vumbi.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya jikoni hapa mjini Unguja, na inaniuma kupokea pesa ya mtu kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe kwa brashi. Hewa yetu ina chumvi, maji yetu yana chokaa, na unyevu hulifanya vumbi linate. Kifaa kikija pwani kinataka kuangaliwa zaidi ya kilivyoandikiwa kwenye kitabu chake.

Kazi ya friji ni kuchota joto lililomo ndani na kulitupa nje, na kinacholibeba ni gesi inayosukumwa na kompresa. Joto hilo hutokea kwenye mabomba membamba ya mgongoni. Friji nyingi za siku hizi mabomba hayo yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, ndiyo maana ukiligusa unalikuta la moto. Vumbi likishaganda hapo, joto halina pa kutokea. Kompresa itanguruma mchana kutwa, uniti za umeme zitakwisha, na maziwa yatachacha vilevile. Basi chomoa waya, sogeza friji, pitisha brashi laini toka juu hadi chini. Mimi nawashauri wateja wangu wafanye hivyo kila baada ya miezi mitatu, na wakiirudisha waiachie nafasi ya kama sentimita 10 na ukuta. Vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandika juu ya friji navipenda, mama yangu alivifuma vingi, lakini viishie juu. Vikining'inia hadi ubavuni vinaifunika palepale inapotolea joto.

Mpira wa mlango nao hulaumiwa bure. Bana noti mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inavuja. Kabla hujanunua mpira mpya, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uingize kitambaa hadi ndani ya mikunjo. Mara nyingi ni sharubati na mchuzi uliokaukia humo, na ukisafishika hushika tena.

Linalonitia uchungu kuliko yote ni kisu. Barafu ikijaa kwenye friza, mtu anataka kutoa mapande yake ya nguru upesi, anachukua kisu na kugongagonga. Ndani ya lile bati jembamba mna njia za gesi. Tundu dogo mno la ncha ya kisu linatosha kuimaliza gesi yote, na kuliziba ni kazi ya gharama ambayo mara nyingine haifai hata kuianza. Tena friji nyingi mpya zinatumia gesi ya isobutani, nayo inashika moto. Ukisikia mlio wa kitu kinachovuja, usiwashe jiko wala taa, fungua madirisha. Njia ya salama haina ugumu wowote: chomoa waya, weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza, funga mlango, subiri. Barafu itaachia yenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi hapohapo, usiiwashe friji mara moja. Gesi ndani bado ina mgandamizo, na kompresa ikilazimishwa kuanza inaweza kuungua. Ngoja dakika tano. Umeme ukikatika kwa muda mrefu ni jambo jingine, na sisi Waunguja tunalijua. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikuwa hakipati umeme wa kutoka bara. Watu walizifunga friji zao zikiwa na unyevu ndani, na umeme uliporudi kazi yetu mafundi ikawa ukungu: mipira imekuwa myeusi, harufu haitoki. Friji isiyofanya kazi ifutwe mpaka ikauke na iachwe wazi, umekunja kitambaa mlangoni usijifunge. Ukisafiri, fanya hivyo hivyo.

Birika la umeme hufa kwa chokaa. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mwamba wa matumbawe na kuyeyusha chokaa yake njiani. Yakichemka, chokaa hiyo huganda chini ya birika kama ukoko wa wali. Ukoko huo unazuia joto lisiyafikie maji, kwa hiyo chuma hupata moto kupita kiasi na birika hujizima kabla ya kuchemsha. Usiukwangue. Jaza maji, kamulia ndimu kadhaa au changanya siki sehemu moja kwa maji sehemu mbili, chemsha, liache nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili. Ila siki isikutane na jiki kamwe, jikoni wala chooni. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Jiko la gesi linakusemesha kwa rangi. Moto wake ni wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, hewa haiingii vizuri, na moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Vua vile vifuniko vya moto, vioshe kwa sabuni, zibua vitundu kwa kijiti cha meno, na vikauke kabisa kabla ya kurudi, kwa kuwa hapa kwetu kutu haisubiri. Mpira wa gesi upake povu la sabuni. Likitoa mapovu, unavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, si dirisha la juu tu.

Blenda huniletea wengi Ramadhani. Machicha na majimaji hupenya kwenye mpira wa chini ya kisu na kuingia kwenye mota. Ukimaliza kusaga tu, tia maji na tone la sabuni, izungushe kidogo, suuza. Usiliache jagi likilala na maji, na ukisaga nazi ipumzishe mota kila baada ya muda mfupi.

Maikrowevu, futa ndani kila inaporukiwa na chakula, hasa kile kibati cha maika kilicho ubavuni. Mafuta yakishika hapo huungua na kutoa cheche. Kibati kinabadilishwa kwa bei ndogo, ukiwahi. Lakini ganda la nje usilifungue hata ukiwa umechomoa waya. Kapasita iliyomo huhifadhi umeme wa kumwua mtu mzima. Hiyo niletee.