Kwenye Usaili, Kinachokuponza Siyo Kutetemeka

Vyeti unavyo. Shati umelipiga pasi mara mbili, umetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ili foleni isikuangushe. Unaitwa ndani, unakuta watu watano mezani. Mmoja anakutazama juu ya miwani na kusema, "Haya, tuambie kidogo kuhusu wewe." Mate yanakauka. Hata mwaka uliomaliza chuo unaupapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Hujarogwa. Mwili umehisi hatari ukamwaga adrenalini, ndiyo maana moyo unakimbia na viganja vinalowa. Ubaya ni kwamba akili nayo imegawanyika: nusu inatafuta jibu, nusu inajiuliza, "Hivi wameona ninavyotetemeka?"

Sasa sikia hii. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, Amanda Feiler na Deborah Powell, walichapisha utafiti wa usaili wa majaribio uliohusisha watu 125. Vile vijitabia tunavyohangaika kuvificha, sijui kuchezea nguo, sijui mikono kukosa pa kukaa, havikuwa na uzito tunaoupa. Kilichowasaliti wenye woga ni kuongea polepole, maneno ya kuhesabika. Tena wakaonekana hawajiamini na hawana uchangamfu. Hapo ndipo alama zilipopotea.

Na sisi tuna mzigo wa ziada. Mtoto aliyelelewa vizuri anajua mbele ya wakubwa unainamisha macho, unajibu ulichoulizwa, unanyamaza. Ukiongeza neno unaambiwa una mdomo. Miaka 20 na kitu baadaye unakaa mbele ya watu wa umri wa baba na shangazi zako, unaulizwa umefanya nini cha maana kazini, unajibu, "Kawaida tu." Heshima yako wao wanaisoma kama ubaridi. Wasalimie kama ulivyofunzwa, shikamoo haijawahi kumkosesha mtu kazi, lakini ukishaketi, jisemee! Hakuna mjomba humo ndani wa kukusemea.

Halafu kuna lugha. Wengi hujiandaa kimoyomoyo kwa Kiswahili, kisha swali linakuja kwa Kiingereza na jibu linakwama njiani. Kama hujui watakuuliza kwa lugha ipi, fanya mazoezi kwa zote mbili, na kwa sauti. Jibu ambalo mdomo haujawahi kulitamka halitoki vizuri siku hiyo.

Vipi kuhusu ule ushauri wa "tulia, usiwe na wasiwasi"? Mimi siupendi, maana moyo unaokimbia hausikii amri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwapa watu kazi za kutia presha, mojawapo kuhutubia. Kabla ya kuanza, baadhi walitamka kwamba wametulia, wengine kwamba wana hamu, au tuseme kimtaani, wana mzuka. Wenye mzuka ndio walioonekana kujiamini na kushawishi zaidi. Moyo ni ule ule unaodunda, umebadilisha jina tu.

Kama una mchumba au mwenzi, mtumie. Siyo kwa kukuambia "utapata tu, baby", bali akae upande wa pili wa meza na uso wa mbuzi, akuulize kuhusu wewe mara nne, na kila ukijibu kwa neno moja akubane: "Kwa mfano?" Mtacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu utajikuta unaeleza ile hesabu ya stoo uliyoirekebisha mwaka jana, ambayo wala hukuwahi kumsimulia.

Na wewe mwenzi, siku ya siku akirudi, usimdakie mlangoni na "umepata?" Mwandalie chai kwanza. Jibu la kazi huchukua wiki, na yeye bado anarudia kichwani lile swali la tatu.