Meli Iliyofika Kisumu Vichwani mwa Watu

Ipo miji ambayo msafiri huipita na haraka zake, akajaza mafuta, akanunua soda na kushika njia. Kisumu nimeipita hivyo kwa miaka mingi. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa historia, ameng'oa viti vya nyuma vya gari lake kuukuu, akatia godoro, jiko la gesi na madebe mawili ya maji. Amelibatiza Kobe, kwani hubeba nyumba yake mgongoni na halijui haraka. Tulikuwa tukitoka Nakuru kwenda Busia, tukaafikiana kulala Kisumu usiku mmoja na kuifuata, kadiri barabara ilivyoruhusu, njia ya reli ya kale.

Atakaye kuielewa njia hiyo na aanzie Mau Summit, penye kimo cha zaidi ya mita 2,500. Kutoka huko reli huteremka kupitia Londiani, Fort Ternan, Muhoroni na Kibos hadi ziwani, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kazi iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni tarehe 20 Desemba 1901, pale Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, alipopigilia msumari wa mwisho. Mahali pale pakaitwa Port Florence. Na hiyo Reli ya Uganda, siku hiyo, ilikuwa imefika Uganda kwelikweli, maana sehemu hizi zilihesabiwa kuwa za Uganda hadi mpaka ulipohamishwa mwaka 1902. Nimepata kuwaeleza wanafunzi jambo hili wakadhani nawatania.

Jina la Florence halikudumu. Lililodumu ni Kisumu, ambalo hunasibishwa na desturi ya wenyeji ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana bidhaa. Soko lilitangulia stesheni.

Lakini kilichoninyima usingizi ndani ya Kobe si jina bali meli. Kabla garimoshi halijafika ziwani, tayari meli ya mvuke, William Mackinnon, ilikuwa ikielea pale. Iliundwa Uskochi, ikafumuliwa, ikafungwa vipande vipande na kuletwa Mombasa. Reli ilivichukua vipande hivyo hadi ilipokomea. Kutoka hapo vikachukuliwa na wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ulikuwa kilo 30 hivi, nao huutia kichwani au begani, akapanda Mau na kuteremka tena. Vipande vikaunganishwa upya ufuoni, na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Fikiri, msomaji: meli imepanda mlima kwa miguu ya watu.

Asubuhi tulikwenda Dunga, ambako wavuvi walikuwa wakitia nanga na akina mama wakianika omena. Mbele yetu gugumaji lilikuwa limetanda kama shamba lililokosa mwenyewe. Kijana mmoja wa sekondari, aliyekuwa akimsaidia mamaye, aliposikia kwamba sisi ni walimu alitaka kutuonyesha kuwa anasoma. Akatutajia Florence Preston. Akataja tarehe bila kukosea. Rafiki yangu akafurahi, akamsimulia habari za meli. Kijana alisikiliza, kisha akauliza kwa adabu, "Na hao waliobeba, Mwalimu, walikuwa akina nani?"

Nilimtazama rafiki yangu, naye akanitazama. Miaka yote tuliyofundisha tumezoea kutaja vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na kwamba wapatao 2,500 kati yao walikufa. Hao angalau wana hesabu. Wa vichwa na mabega hatukuweza kumtaja hata mmoja kwa jina, wala kumwambia kijana ni wangapi walioanguka njiani.

Mchana tuliingia katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980. Mna boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikikabili lango. Baadaye, tulipokunja kushoto Kisian kuelekea Bondo na kufika Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana, nilifahamu vyema kwa nini jiwe likaitwa la mke wa kwanza. Mwanafunzi aonyeshwe boma kwanza, kisha mwamba. Ndivyo mpango wa ziara unavyofaa kupangwa, na sioni kwa nini shule za Nyanza zipeleke watoto Mombasa kabla ya kuwaleta hapa.

Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo. Wanafunzi wanaoishi kando ya reli hiyo, kutoka Londiani hadi Kibos, wapewe daftari na waulizwe: nani katika ukoo wenu alisimuliwa habari za mizigo ya Wazungu? Waliobeba hawapo, na wana wao wamekwisha. Wajukuu wamebaki wachache, nao ni wakongwe. Kazi hiyo haihitaji fedha za wizara, bali Jumamosi chache na mtoto anayejua lugha ya nyanyake.

Tulipoiacha Kit Mikayi, Kobe aligoma kuwaka. Vijana wanne wakatusukuma hadi injini ikanguruma. Rafiki yangu akateremka, akatoa kalamu, akaandika majina yao yote manne.