Jumba Lililopinda Lisianguke

Usione vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, methali hii ilinijia nilipoiona picha ya Little Moreton Hall, jumba la mashambani huko Cheshire, Uingereza. Kwanza nilicheka. Kuta zimepinda, madirisha yameinama, ungedhani fundi alikuwa mlevi! Kumbe jumba hilo lilianza kujengwa mapema katika miaka ya 1500, na ukoo wa Moreton ukaendelea kuliongeza kwa muda wa miaka 100 hivi. Hadi leo limesimama. Siri ni nini?

Siri ya kwanza ni mifupa. Uzito wa jumba haubebwi na kuta, bali na nguzo na boriti za mti wa mwaloni. Ncha ya boriti moja huchongwa ulimi, ukaingizwa katika tundu la nyingine, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupenya vyote viwili. Pembeni huwekwa mbao za mshazari, kwa sababu umbo la pembetatu halisukumiki ovyo kama la mraba.

Nafasi kati ya nguzo je? Wajenzi wa zama hizo walisuka fito, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, halafu wakapaka lipu ya chokaa. Jamani, si ndiyo nyumba ya nyanya yangu kule ushago! Nami nilikuwa nikiionea haya mbele ya wenzangu.

Tofauti moja ilinifanya nifikiri. Nguzo za Waingereza hao zimekaa juu ya msingi wa mawe, unyevu usizifikie. Nguzo za nyanya zimefukiwa ardhini, na mchwa wanakula bila kupiga hodi. Basi si udongo unaoangusha nyumba zetu, ni nguzo iliyooza chini.

Sasa, kwa nini jumba lile limepinda? Ni fahari. Juu kabisa kuna ukumbi mrefu wa mita 21 hivi, ambamo wenye nyumba walitembea kunyoosha miguu. Inaaminika kwamba haukuwamo katika mpango wa kwanza. Paa lake ni la vipande vizito vya mawe, na mbao za chini hazikuandaliwa kwa mzigo huo, zikapinda. Yamkini ni katika karne ya 17 boriti za kukingama zilipoongezwa ili kuta zisiachane.

Ukoo huo ulilimiliki jumba lao mpaka mwaka 1938, lilipokabidhiwa shirika la kuhifadhi majengo, National Trust. Seremala Richard Dale, aliyetengeneza madirisha yake ya 1559, jina lake lingali limechongwa pale.

Likizo ijayo nitamwomba baba tutafute mawe, tubadilishe nguzo za nyanya moja moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.