Pikipiki katikati ya safu za magari: Sheria yasemaje?

KILA asubuhi magari yanapokwama katika barabara kuu za kuingia Nairobi, pikipiki hupenya baina ya safu mbili kana kwamba upenyo huo uliachwa kwa ajili yao. Abiria wa bodaboda hulipia wepesi huo. Dereva wa gari naye husikia kishindo, akageuka na kukuta kioo cha pembeni kimeng'oka. Swali linalozuka ni moja: je, mwenye pikipiki alikuwa na haki ya kupita hapo?

Mbele ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, anayeendesha pikipiki ni dereva kama wengine. Kifungu cha 49 humwadhibu anayeendesha bila uangalifu au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Cha 47 chahusu uendeshaji wa hatari, na cha 46 chamhusu anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa namna hiyo. Anayekwepa msongamano kwa kupanda njia ya wapita kwa miguu hunaswa na kifungu cha 45A.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuweka kasi ambayo mwendeshaji akiizingatia atahesabiwa kuwa amepenya kwa usalama. Kwa hivyo, linalopimwa ni namna alivyopita: magari yalikuwa yamesimama au yakienda? Alikuwa na kasi gani? Je, alibeba kreti zilizochomoza pande zote mbili?

Hayo ni maswali ya hakimu, na hakimu hayuko barabarani. Pale kwenye lami, mara nyingi mshindi ni aliye na wenzake wengi karibu. Machi 2022, wahudumu wa bodaboda walimshambulia dereva wa kike katika Barabara ya Wangari Maathai, Nairobi, na serikali ikaamuru msako dhidi yao. Sheria isipokuwa wazi, umati hujitwalia kazi ya kuamua nani mwenye makosa.

California, nchini Marekani, iliwahi kuishi na utata kama huo. Kwa miaka mingi hakuna sheria ya jimbo iliyokataza mwendo huo, wala iliyouruhusu kwa kutamka. Polisi wa barabara kuu walipochapisha mwongozo mnamo 2013, ulipingwa kwa hoja kwamba polisi hawana mamlaka ya kutunga sheria, nao ukaondolewa mwaka uliofuata. Ndipo bunge la jimbo likapitisha sheria mwaka wa 2016, iliyoanza kutumika Januari 2017, ikieleza maana ya kupenya kati ya safu na kuwapa polisi hao idhini ya kutoa mwongozo.

Kati ya hatua hizo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza ajali za waendeshaji pikipiki karibu 6,000. Katika ripoti yao ya 2015, waliopata ajali wakipenya walijeruhiwa kichwani mara chache kuliko wengine, lakini walikuwa wepesi zaidi wa kugonga gari la mbele kutoka nyuma. Kupenya kulionekana kuwa na hatari ndogo pale magari yalipokwenda chini ya kilomita 80 kwa saa, na pikipiki isiyapite kwa zaidi ya kilomita 24. Takwimu hizo zisihamishwe Nairobi ovyo: wale walivaa kofia ngumu, ilhali hapa abiria wengi hupanda kichwa wazi.

Wengine wameandika kipimo ndani ya sheria yenyewe. New South Wales, Australia, imeruhusu tangu Julai 2014, kwa kasi isiyozidi kilomita 30 kwa saa. Utah ilifuata mwaka wa 2019 kwa masharti makali zaidi: magari yawe yamesimama kabisa, na pikipiki isizidi kilomita 24. Ufaransa ilifanya majaribio kuanzia 2016, ikahalalisha rasmi Januari 2025, kikomo kikiwa kilomita 50.

Na wenye magari hawakuachwa huru. Mwongozo wa sasa wa California unamkumbusha dereva kwamba kumzibia njia mwendeshaji kwa makusudi kwa namna inayoweza kumdhuru, au kufungua mlango ili kumzuia, ni kinyume cha sheria hata kama kioo chake kimekwisha kuvunjwa.